Kaa, kalia, na kesi ya wanaobuni lugha

Mwaka 2017 Duolingo, programu ya simu ya kujifunzia lugha, ilifungua masomo ya Kiswahili. Miezi michache baadaye, mwaka uleule, ikafungua masomo ya Kivalyria cha Juu, lugha aliyoitunga David J. Peterson kwa ajili ya tamthilia ya televisheni. Moja inasemwa na makumi ya mamilioni ya watu, kutoka Lamu hadi Lubumbashi. Nyingine haina hata mama mmoja anayeitumia kumbembeleza mtoto. Zikawekwa rafu moja. Aliyekereka ana haki ya kukereka, na hoja nzito dhidi ya uraibu wa kubuni lugha huanzia hapo: dunia ina lugha zipatazo 7,000, nyingi ziko hatarini kufa, halafu watu wazima wanakesha wakitunga sarufi ya wapanda majoka.

Kwa Tanzania hoja hiyo haiko mbali. Kihadza, kando ya Ziwa Eyasi, kina wasemaji wapatao elfu moja tu. Sauti zake, zile zinazofanana na mtu anayepiga kidoko, husikika katika baadhi ya lugha za kubuni za vijana wa Ulaya na Marekani ambao hawajawahi kumsikia Mhadza akisema. Zimetiwa kama pilipili, ili chakula kionekane cha kigeni.

Sinema nayo ina deni lake. Katika filamu moja maarufu ya anga ya mwaka 1983, Mkenya Kipsang Rotich alimpa sauti rubani wa sayari nyingine, na Kikuyu kikawa miongoni mwa maneno aliyoyasema. Kwa mtazamaji wa Chicago ilikuwa milio ya kiumbe wa mbali, kwa wa Nyeri ilikuwa lugha ya nyumbani. Wapo waliofurahi kujisikia, na wapo wanaouliza kwa nini lugha ya watu igeuzwe mlio wa jini. Ila mpinzani akiishika sana hoja hii, inamgeukia. Dawa ya tatizo hilo ni kubuni lugha. Ukiwa na lugha uliyoitunga mwenyewe, huhitaji kuazima ya jirani na kuivua maana yake. Filamu za Wakanda zilitumia Kixhosa halisi, kwa kuwa John Kani, aliyeigiza mfalme mwaka 2016, ni msemaji wake. Uamuzi wa heshima, lakini Wakanda, nchi ya kubuni, imewekwa Afrika Mashariki, na Kixhosa ni cha Afrika Kusini. Kilipitia njia gani hadi kufika huku? Mbunifu makini wa ulimwengu angelazimika kujibu.

Kuna pia wanaosema haya ni mambo ya Wazungu. Hili halisimami. Watoto wa pwani wamecheza kinyume kwa vizazi, silabi ya mwisho ikiletwa mbele: mbuzi ni “zimbu”, kitabu ni “bukita”. Na aliyeunganisha tarakimu na akili akapata “tarakilishi” alikuwa akibuni, hata kama sokoni watu waliendelea na kompyuta yao.

Udhaifu uko zaidi kwa watetezi, kwa sababu hutetea pasipofaa. Husema inalipa. Ni kweli Marc Okrand alilipwa kutunga Kiklingon kwa filamu ya Star Trek ya 1984, Paul Frommer akatunga Kina'vi kwa filamu ya Avatar ya 2009, na mwaka huohuo wa 2009 Peterson akashinda shindano la kutunga Kidothraki, lugha nyingine ya tamthilia ileile ya majoka, ambayo kituo kilichoirusha kilisema ilichota msukumo katika Kirusi, Kituruki na hata Kiswahili. Lakini hizo ni ajira chache mno kwa miongo kadhaa. Anayemwambia kijana kwamba huu ni mlango wa riziki anamdanganya.

Utetezi ulio imara uko kwingine, na Kiswahili chenyewe kinautoa. Chukua kitenzi “kaa”. Katika kauli ya kutendea hakiwi “kaia”, kinakuwa “kalia”. Chukua inakuwa chukulia, tembea inakuwa tembelea. Wengi tumekariri kwamba vitenzi vinavyoishia na irabu mbili huchopekwa l. Haichopekwi. Ilikuwepo tangu zamani. Kinyanja cha Malawi, ndugu yetu, bado husema “njala”, “mvula” na “khala” pale tunaposema njaa, mvua na kaa. Kiswahili kiliidondosha l katika maneno mengi mbele ya a na u, ila mbele ya i na e mara nyingi ikasalimika. Kwa hiyo “kaa” ndiyo iliyopoteza kitu, “kalia” imehifadhi. Kinachoonekana kama kituko cha sarufi ni kovu la historia.

Anayebuni lugha kwa njia nzuri huyatengeneza makovu kama hayo kwa makusudi, na hapo ndipo anapofahamu sarufi kuliko kitabu chochote kitakavyomfundisha. Jaribu kwa maneno matatu. Tuseme lugha kongwe ina pelak (nyumba), sanu (samaki) na tiko (jiwe), na wingi hupatikana kwa kuongeza -i mwishoni: pelaki, sanui, tikoi. Sasa pitisha mabadiliko mawili, kwa mpangilio huu. Kwanza, k mbele ya i inakuwa ch. Pili, irabu ya mwisho wa neno inadondoka.

Pelaki inakuwa pelachi, kisha pelach. Sanu inabaki san, na sanui inakuwa sanu. Tiko inakuwa tik, na tikoi inakuwa tiko. Tazama kilichotokea: kiambishi kimoja kimezaa wingi wa aina tatu. Nyumba inabadili konsonanti, samaki inaongeza -u, jiwe linaongeza -o. Mtoto wa lugha hiyo atakariri kila neno na wingi wake, na mwalimu wake atalalamika kuwa haina kanuni. Geuza mpangilio, irabu idondoke kwanza: pelaki inakuwa pelak, hakuna tena i ya kuigeuza k, na nyumba moja haitofautiki na nyumba kumi. Kanuni zilezile, lugha nyingine kabisa. Mabadiliko matatu hadi matano ya namna hii yanatosha. Ukifika kumi na tano maneno yote husagika yakawa silabi moja moja, na nusu yake yanafanana.

Makosa ya kawaida hayatokani na uvivu, yanatokana na bidii isiyo na mahali. Watu hukimbilia msamiati. Huandika maneno elfu mbili kabla ya kuwa na sentensi moja, kisha wanagundua hawawezi kusema “aliyekuja jana”. Mizizi 150 inatosha kuanza, juu ya irabu tano au pungufu, konsonanti 12 hadi 18, na umbo la silabi lililoamuliwa mapema. Orodha ya Swadesh, maneno 207 ya msingi ambayo wanaisimu hutumia kulinganisha lugha, husaidia, lakini isomwe kwa jicho kali: ina theluji na barafu, haina nazi wala jahazi.

Mtego mkubwa kuliko wote kwa msemaji wa Kiswahili ni “piga”. Tunapiga simu, pasi, picha, kelele, deki, hatua na magoti. Ukitunga neno “doru” ukaliandikia maana “piga” kisha ukasonga mbele, hujabuni lugha. Umekivalisha Kiswahili kanzu ya mtu mwingine. Katika daftari, mbele ya kila kitenzi, andika sentensi mbili ambamo kinatumika na moja ambamo hakiwezi kutumika ingawa Kiswahili kingeruhusu. Kazi hiyo inachosha, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. (Na kabla ya kushangilia neno jipya, litamke kwa sauti mbele ya mtu. Mtunzi akifikia “tapika” akaliona zuri kwa jina la binti mfalme, msomaji wa Tanga hatasamehe.)

Kipimo ni tafsiri fupi. Wanafonetiki, wataalamu wa sauti za lugha, wamezoea kisa cha upepo wa kaskazini na jua. Watunzi wa lugha hupenda Mwanzo 11:1–9, habari za mnara wa Babeli. Kisa cha upepo ni cha mistari michache tu, lakini kinabomoa. Upepo na jua wanabishana, unahitaji namna ya kutendana. Nani ana nguvu kuliko mwenziwe, unahitaji ulinganishi. Atakayemvua msafiri joho ndiye mshindi, unahitaji urejeshi na wakati ujao ndani ya kifungu kimoja. Lugha yenye maneno elfu mbili na ramani ya rangi sita hukwama hapo mstari wa kwanza.

Ramani, basi. Upande wa ulimwengu wa kubuni, yaani nchi ambamo lugha hiyo inasemwa, ndio unaoharibika zaidi, na hapa wapinzani wana haki yao yote. Mito huchorwa ikigawanyika kuelekea baharini kama matawi ya mti, ilhali mito huungana, ikigawanyika karibu tu na delta. Milima hukaa popote na mvua hunyesha kotekote, wakati Kilimanjaro peke yake ingetosha kufundisha: mteremko wa kusini unapata mvua nyingi, wa kaskazini ni mkavu. Kisha zinafuata kurasa mia za nasaba za wafalme ambao hawana neno la kusema.

Ulimwengu una faida ukieleza lugha. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu, nane ni ya Kibantu. Hakuna mtunzi ambaye angethubutu kuchanganya hesabu hivyo, angeogopa kuambiwa amekosea. Nyuma yake kuna upepo: kaskazi iliwaleta wafanyabiashara wa majahazi, nao wakasubiri kusi iwarudishe. Miezi ya kusubiri ni miezi ya kupanga nyumba, kuoa na kuhesabu fedha. Wareno wakaacha meza, bendera na gereza, Wajerumani wakaacha shule. Swali la kumwuliza mtunzi, kwa hiyo, ni nani alikaa bandarini miezi minne, na alikuwa akiuza nini. Akijibu hilo, maneno ya mkopo yanajipanga yenyewe.

Shutuma kwamba kazi hii haina mwisho ni ya kweli. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, aliyetoa mhadhara mwaka 1931 akiuita uraibu wa siri, alifariki 1973 akiwa bado anarekebisha lugha zake. Kwa anayetaka kumaliza hadithi, weka tarehe ya kufunga sarufi na uiheshimu. Baada ya hapo kila badiliko liandikwe na tarehe yake, la sivyo sentensi za mwezi wa kwanza zitapingana na za mwezi wa nne na hutajua ipi ni sahihi. Kwa asiyekuwa na hadithi, sioni ubaya wa kutomaliza. Hakuna anayemwuliza mcheza bao amemaliza lini.

Inabaki Kihadza, na hapa sikubaliani na upande wowote. Saa za usiku za mtunzi hazikuibwa kwa lugha inayokufa, maana asingezitumia huko. Lakini watetezi wanaodai kuwa uraibu huu huzaa walinzi wa lugha wanazidisha. Unachopata ni jicho la kulitazama “alinitembelea” na kuona a-, -li-, -ni- na shina lake. Hupati ridhaa ya wazee, wala nauli, wala sikio la kutofautisha vidoko vya aina tatu, wala subira ya kukaa kijijini mwaka mzima.

Hata hivyo daftari lilelile, na maneno yaleyale 207, linaweza kufunguliwa mbele ya bibi anayesema Kizigua au Kipokomo jikoni wakati wajukuu wanamjibu kwa Kiswahili. Alasiri mbili zinatosha kwa awamu ya kwanza. Theluji ataivuka. Kwenye wingi atakupa aina nne ambazo hukuzitunga, na ukimwuliza kwa nini, atasema ndivyo isemwavyo.