Uzito wa programu nani anaubeba?

Tangu Microsoft wasitishe msaada wa kawaida wa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, sijui nimeulizwa na watu wangapi kama laptopu zao ndiyo basi tena. Wenye maduka, walimu wa skuli, wanafunzi wa Tunguu, na kijana mmoja wa steshenari ambaye riziki yake yote iko kwenye mashine moja na printa moja. Nawaangalizia. Mashine inawaka, inachapa, inafungua PDF, betri bado ina uhai. Tatizo ni kwamba Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele, na laptopu nyingi za mtumba zinazoshuka kutoka Dubai ni za kabla ya hapo. Mashine nzima kabisa, imestaafishwa na watu ambao hawajapata hata kuigusa.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na habari za teknolojia nazisoma kama wenzangu wanavyosoma za mpira. Nyingi hazituhusu. Simu mpya ina kamera nne, tajiri fulani kamtukana tajiri mwenzake, haya. Zile zinazotuhusu ukizichunguza utakuta zote zina jambo moja ndani yake: kuna mtu kautua mzigo wake na kumtwika mwengine. Kwa hiyo mtu akiniambia programu fulani ni rahisi, huwa namuuliza rahisi kwa nani.

Wazo lenyewe si langu. Larry Tesler, aliyekuwa kwenye maabara ya utafiti ya Xerox PARC na ambaye wengi tunamkumbuka kwa kukata, kunakili na kubandika, alilieleza tangu miaka ya 1980: kila kazi ina ugumu wake usiopunguzika, na kinachobaki ni kuamua kama utabebwa na mtengenezaji au na mtumiaji. Mimi naongeza mtu wa tatu, yule atakayeitwa kuja kuirekebisha baada ya mtengenezaji kuondoka. Hapa visiwani Zanzibar huyo wa tatu ndiye anayeumia kuliko wote, kwani watengenezaji wetu huondoka sana.

Tazama namna pesa zinavyotumwa kwa simu. Mchuuzi wa Mkoani na kitochi chake anapiga nyota, tarakimu na reli, anachagua namba, anaweka siri yake, na pesa imeshafika Wete. Ujumbe wa USSD, yaani njia hiyo ya nyota na reli, hauzidi herufi 182. Hauhitaji bando, hauhitaji simu janja, haumwambii mtu asasishe kwanza ndipo aendelee. Aliyeupanga amelazimika kupima kila neno, lipi libaki na lipi litoke, na shughuli yote iliyobakia iko kwenye mitambo ya kampuni ya simu, ambayo inakata chake katika kila muamala ili iibebe. Hapo mimi sina neno, mzigo uko kwa anayelipwa.

Kisha fungua kwenye kompyuta moja ya zile programu za kuchati zilizoundwa kwa Electron, kifaa cha kutengenezea programu za kompyuta kwa msimbo wa tovuti. Ndani yake mna brauza nzima ya Chromium, ile ambayo Chrome imejengwa juu yake. Fungua tatu za namna hiyo na umefungua brauza tatu, mbali na ile unayotumia kusomea habari. Sababu yake naielewa: mwandishi anaandika mara moja, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, anakwenda kulala. Lakini muda aliouokoa unalipwa na yule kijana wa steshenari, kwa RAM yake ya gigabaiti 4, kila siku anayoiwasha. Niklaus Wirth, Mswisi aliyetupa lugha ya programu ya Pascal mwaka 1970, alilalamika mwaka 1995 kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa haraka kuliko mashine zinavyozidi kuwa na kasi. Alifariki tarehe 1 Januari 2024, na sidhani kama aliyaona mabadiliko aliyoyataka.

Na mtu asiniambie kwamba uzito unaletwa na wingi wa watumiaji. Facebook ilipotangaza kuinunua WhatsApp, Februari 2014, WhatsApp ilikuwa na watumiaji milioni 450 na wahandisi 32. Milioni 450! Walitumia Erlang, lugha iliyozaliwa Ericsson kwa ajili ya mitambo ya simu, juu ya seva zenye mfumo endeshi wa FreeBSD, na hawakupapatikia kila kilichotangazwa kuwa ndio mtindo.

Habari iliyonikaa kichwani zaidi, lakini, ni ya xz. Hii ni programu ndogo ya kubana mafaili, imo ndani ya Linux karibu zote, na kwa miaka ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea, bila ya malipo. Akatokea mtu anayejiita Jia Tan, akasaidia kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa funguo, kisha akapenyeza mlango wa siri katika toleo la 5.6.0 na la 5.6.1. Mlango huo ungemwezesha kuingia kwenye seva za watu kupitia SSH, njia ambayo mafundi huingilia kwenye kompyuta iliyo mbali. Aliyeugundua, mwishoni mwa Machi 2024, ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayefanyia kazi kanzidata ya PostgreSQL. Wala hakuwa akitafuta wezi. Alikuwa akipima kasi ya kazi zake, akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kiasi cha nusu sekunde. Akaifuata nusu sekunde hiyo hadi akafika kwenye xz.

Wenzangu wengi wanaitaja habari hii kuonesha hatari ya programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Mimi naiona kwa upande mwengine. Kwanza, makampuni yenye mabilioni yaliuweka mzigo wao juu ya kichwa cha mtu mmoja aliyechoka, na wala hawakujua jina lake. Pili, Freund aliweza kuishtukia nusu sekunde kwa sababu alijua kazi ile inapaswa kuchukua muda gani. Katika mashine ambayo kila kitu kinajikokota, kila dirisha linazungusha kiduara, nusu sekunde ya mwizi nani angeijali? Mambo yakiwa machache, kinachoongezeka kinaonekana.

Kuna watu, khasa huko ng'ambo, waliolifanya jambo hili kuwa dini. Kila kitu ni maandishi matupu, skrini nyeusi, hakuna kipanya, na wanatazamana kwa kejeli ukitaja kitufe. Nawapenda, na nusu ya vifaa vyangu vya kazi nimevipata kwao. Lakini wepesi wao ni wa mtu ambaye ameshajifunza amri mia mbili. Mwenye duka la kanga Darajani hana haja nazo, na hafai kulaumiwa.

Huyo mwenye duka ni mteja wangu, naye ndiye aliyenifundisha zaidi katika haya kuliko ninayoyasoma. Kabla yangu alikuwa amekodishiwa mfumo wa mtandaoni, analipa kwa mwezi, data zote ziko kwenye seva asiyoijua iko nchi gani. Ulikuwa mzuri wa sura. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zikapata hitilafu chini ya bahari, intaneti ikazorota Tanzania nzima. Kanga ziko rafuni, mteja kasimama, pesa anazo mkononi, na kompyuta haiwezi kutoa hata risiti. Bibi mwenye duka akatoa daftari, akaendelea kuuza. Unguja tulikuwa tumeshapata somo la kutegemea waya mmoja: kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 waya wa umeme wa baharini uliharibika na kisiwa kikakaa kiasi cha miezi 3 bila ya umeme wa gridi. Bado tunaletewa programu ambazo waya ukiguswa tu, duka limefungwa.

Alivyonipa kazi hakuzunguka. "Mwanangu, nataka kitu kinachouza hata kama mtandao haupo. Na siku ukenda zako Oman, nani atakishika?"

Hilo suali la pili ndilo lililoamua kila kitu. Sikuweka seva. Nimetumia SQLite, kanzidata iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, ambayo yote ni faili moja tu. Haina mwenyewe wa kukudai leseni, waandishi wake wameahidi kuitunza hadi mwaka 2050, na Maktaba ya Bunge la Marekani inaihesabu miongoni mwa aina za faili zinazofaa kuhifadhi data kwa muda mrefu. Kijana yeyote aliyetoka chuoni ataifungua na kuiona imepangwa vipi, awe ananijua au hanijui. Nilipiga hesabu mbele ya bibi: tuseme duka linauza mara 200 kwa siku na kila mauzo yanachukua baiti 100. Kwa mwaka ni kama megabaiti 7. Miaka 10, megabaiti 73. Jioni faili linanakiliwa kwenye flashi, flashi inaingia mkobani, mkoba unakwenda nyumbani Mpendae. Kuna nakala nyengine kwenye simu ya mtoto wake. Bakapu ndiyo hiyo.

Kilichonichukua muda si kompyuta, ni kanga. Mfumo ule wa mwanzo ulikuwa unajua "kipande" tu. Kanga inauzwa kwa doti, yaani vipande viwili, na mchuuzi wa jumla anachukua kwa korija, ambayo ni ishirini. Wasaidizi walikuwa wanazidisha na kugawa vichwani kabla ya kuandika, na kila jioni mahesabu yanagoma. Tena mfumo ulitaka kila bidhaa iwe na namba. Nani anayeijua kanga kwa namba? Kanga inajulikana kwa jina lake, yale maandishi ya chini. Mteja anaingia, anasema nataka ile ya "Akufaaye kwa dhiki", basi muuzaji anaandika maneno mawili ya mwanzo na orodha inatoka, pamoja na rangi, kwani jina moja laweza kuwa na rangi tano na nyekundu ikawa imekwisha. Upande wa msimbo huo ni mstari mmoja wa kutafuta. Lakini huo mstari hauwezi kuandikwa na mtu ambaye hajakaa dukani akasikiliza watu wanavyoomba.

Hapo ndipo wasiwasi wangu na akili mnemba unapoanzia. Naitumia, sifichi, inanirahisishia mengi. Ila siku hizi vijana wananionesha kazi za mistari elfu kumi zilizopatikana kwa siku moja, vifurushi mia, yaani vipande vya programu vya watu wengine, vimevutwa ndani, na ukimuuliza hiki kinafanya nini anairudia mashine aiulize. Mwaka 2016 kifurushi cha mistari 11, kazi yake kuongeza nafasi kushoto mwa maandishi, kiliondolewa kwenye npm, ghala la vifurushi vya lugha ya JavaScript, na miradi chungu nzima duniani ikakwama. Mistari 11! Kuandika kumekuwa bure, kusoma bado kunagharimu kama zamani, na atakayesoma ni yule wa tatu, ambaye hajaajiriwa bado.

Najua jibu: biashara ikikua, faili moja halitatosha. Likishindwa tutaongeza. Kuongeza kitu siku kinapohitajika ni kazi ya wiki mbili. Kukitoa kilichowekwa mapema kwa ajili ya sifa ni kazi ya miaka. Bibi mwenyewe akisafiri kwenda kununua mzigo alitaka kuona mauzo ya siku. Nilitarajia ataniomba tovuti. Alipoulizwa khasa anataka kuona nini, ilikuwa ni jumla ya pesa na kanga zilizokwisha. Sasa duka likifungwa anapata ujumbe mfupi wenye mambo hayo mawili, basi.

Tunachobishania kwa sasa ni picha. Anataka kila kanga iwe na picha yake humo ndani, ili mteja wa Chake Chake akiulizia atumiwe papo hapo. Ana kanga kama 2,000, na picha ya simu za leo ni kama megabaiti 3. Hizo ni gigabaiti 6 za kunakili kila jioni, na ule mpango wa flashi na mkoba umekufa. Nikamletea zilizobanwa, kilobaiti 50 kila moja, zote pamoja megabaiti 100. Akaziangalia, akasema nyekundu imekuwa kama zambarau iliyofuliwa, na kwa kanga rangi ikipotea unauza nini. Ana haki. Nimemletea za kilobaiti 200, zambarau akaipitisha, nyekundu kaikataa tena, tukakubaliana tuchukue doti kumi na kompyuta tukae mlangoni kwenye jua tuzilinganishe moja moja. Ikishindikana kabisa, picha zitakaa kwenye folda yake peke yake na faili la mauzo libaki jepesi kama lilivyo, hilo silitikisi.