Mpangaji wa Tatu

Leo asubuhi nimekuta karatasi chini ya mlango: maji, watu watatu. Mimi na mke wangu tuko wawili tangu tuhamie mtaa wa Pipeline hapa Nairobi. Nikashuka ghorofa sita kwa miguu, kwa heshima zangu zote, kumwona keateka, yule msimamizi wa jengo.

"Wa tatu ni nani?"

"Yule wa kwenye ndoo."

Yaani mndimu wangu. Upo juu kule kwenye kamba za nguo, maana huku chini jua ni hadithi tunayosimuliwa.

"Huo ni mti, bwana."

"Hanywi?"

"Jagi moja, tena si kila siku. Mizizi ya mndimu ikilala kwenye maji inaoza."

"Hata wewe huogi kila siku na ninakuhesabu."

Nikameza mate. "Haupiki, haufui, hauendi chooni!"

"Analala hapa ama anaenda kwao?"

"Utaenda wapi na uko kwenye ndoo?"

"Basi. Mgeni akipitisha siku tatu ni mpangaji." Akafungua daftari, akalamba kidole. "Anazaa?"

Hapo alinigusa kidonda. "Bado."

"Akizaa nijulishe. Watoto ni nusu bei."

Mtu mzima, shati limepigwa pasi, nasimama getini natetea mti kama wakili, na watoto wa shule wamepanga foleni wanasikiliza! Na hayo maji yenyewe yako wapi? Mfereji unakohoa mara moja kwa wiki, siku zingine ni mitungi ya lita 20 begani. Kwa hiyo ninalipia mti maji ambayo sisi wenyewe hatuyaoni!

Huu ni mwaka wa nne. Yule muuza miche wa Ngong Road aliniapia kwamba umepandikizwa kwenye shina la mti mwingine, mwaka mmoja na nusu nitakuwa nakamua. Nikamuuliza, mbona shina halina kovu? Akasema lilipona. Mti wa mbegu huo, na mbegu haina haraka na mtu.

Mpaka sasa umezaa viwavi tu. Wakiwa wadogo utadhani ni kinyesi cha ndege. Mguse mmoja, anakutolea vipembe vya rangi ya chungwa vinavyonuka. Mke wangu amekataza niwaue, eti watakuwa vipepeo. Nao labda niwaandikishe?

Ndimu za kachumbari bado nanunua kwa mama mboga, ambaye kila jioni huuliza mti wangu unaendeleaje, kwa sauti ya kuulizia mgonjwa.

Nimelipa ya watatu. Nimepanda juu na jagi, nikakuta mtu ameanika jinzi juu ya mndimu. Nzito, haijakamuliwa, inadondoka moja kwa moja kwenye ndoo. Nikarudisha jagi. Lakini jamani, jinzi mwezi wa Julai, na baridi hii, inakauka lini? Yangu ya Jumapili iliyopita bado mbichi kiunoni, na kesho ndiyo ninayotakiwa kuvaa.