Anayelalamika bado yumo darasani

"Wasee, hii topiki imenikataa kabisa. Noma. Lakini leo silali." Ujumbe huo uliingia saa tano na nusu usiku kwenye jukwaa la majadiliano la darasa ninalofundisha hapa Nairobi. Programu ya kupima hisia tuliyokuwa tukiijaribu iliupa rangi nyekundu, yaani hasi. Chini yake palikuwa na mwingine, "Sawa mwalimu, asante sana," uliopewa kijani. Mwenye nyekundu alileta kazi yake asubuhi. Mwenye kijani hakuonekana tena hadi muhula ukaisha.

Wanaozitetea programu hizi wana hoja. Darasa la watu 400 humwaga jumbe nyingi kuliko mhadhiri mmoja awezavyo kusoma, na wiki ambayo manung'uniko yanafurika ni heri aijue kabla ya mtihani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wa mwaka 2014, uliochunguza kozi tatu za mtandaoni, ulikuta uwiano wa hisia chanya na hasi kwenye jumbe za kila siku unahusiana na idadi ya walioacha masomo siku hiyo. Si jambo dogo.

Ila watafiti haohao walipomtazama mwanafunzi mmoja mmoja, mambo hayakuwa mepesi hivyo. Katika kozi ya fasihi ya njozi, maneno hasi yaliweza kutoka kwa mtu aliyezama hadithini, anayeeleza ubaya wa mhusika. Hapo ndipo wanafunzi wanaokataa jumbe zao kupimwa na programu hizi wanapoeleweka vibaya. Huambiwa wana la kuficha. Mmoja wao aliniambia, "Mkitupima kwa malalamiko, tutaacha kulalamika."

Kauli hiyo nimekaa nayo wiki nzima. Wanafunzi wangu huandika kwa simu, wengine wakiwa ndani ya matatu kwenye foleni ya Thika Road, na huandika wanavyoongea. "Kali" inaweza kuwa sifa. "Noma" ni balaa leo, kesho ni pongezi. "Si mbaya" ni kusifu. Kisha kuna kanusho letu, ambalo hujificha ndani ya kitenzi: "naelewa" na "sielewi" yanatofautiana kwa silabi za pembeni tu, na programu iliyozoea kutafuta neno la kukanusha lililosimama peke yake hailioni. Mkusanyo wa AfriSenti wa 2023, wa kufundishia programu kutambua hisia, wenye jumbe zaidi ya 110,000 za Twitter katika lugha 14 za Afrika, uliingiza Kiswahili, na hata Pijini ya Nigeria ikapata nafasi yake. Sheng, lugha ya mtaani ambayo wanafunzi wangu huichanganya na Kiswahili, haikuwa na fungu lake.

Tuseme lugha itatatuliwa, maana kazi inaendelea. Bado mwanafunzi akijua anasomwa na mashine atajifunza kuandika "asante sana", na hapo jukwaa litakuwa kijani tupu huku nusu ya darasa haijui kinachoendelea. Kuchanganyikiwa hadharani ni sehemu ya kujifunza, na nakiri hilo ndilo linaloniogopesha kuliko makosa yote ya programu.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotokana na mashine peke yake. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ipime wiki, ipime mada, uondoe majina. Mada ikiwa nyekundu, mwalimu airudie. Mtu asipewe rangi.

Yule wa kijani nilimpata kwa simu muhula ulipokwisha. Hakuwa ameelewa hata somo la kwanza. Alisoma maswali ya wenzake kila usiku, akaona haya kuuliza lake.