Nahodha Ameondoka Bure

Agosti 2, 2025, Kwa Mkapa, timu yetu ya taifa, Taifa Stars, na Burkina Faso, mechi ya kufungua CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Tulikuwa tunaongoza kwa penati ya Sopu na roho bado zikiwa juu juu, ndipo Mohamed Hussein, Tshabalala, aliyekuwa nahodha wetu pale Simba, akafunga kwa kichwa. Mbili. Kibanda umiza chetu huku Mbagala kiliruka kizima. Nikajikuta nimemkumbatia mtu nisiyemjua, na tulipoachana nikaona amevaa jezi ya njano, ya watani wetu Yanga. Akanipiga begani, akasema, "Huyo anakuja kwetu, kaka."

Alisema kwa upole kabisa, hakukusudia kunitania. Ndiyo maana liliniuma zaidi.

Sasa CHAN imetuishia robo fainali mbele ya Morocco, Tshabalala ni mchezaji wa Yanga, na mimi bado sijalimeza. Wenzangu wananiambia nisonge mbele, niangalie majina yaliyoingia Simba. Nimeyaangalia. De Reuck kutoka Mamelodi Sundowns ni beki wa maana, wala sibishi. Kante pale katikati atatusaidia. Sowah anajua kufunga, ameshalionyesha hilo akiwa Singida. Che Malone ameondoka kwenda Algeria, sawa, mpira ni kazi na mtu anafuata kazi. Manula amerudi Azam, na huyo namtakia heri kwa moyo wote.

Lakini Tshabalala ni habari nyingine.

Alikuja 2014 kutoka Kagera Sugar, kijana mdogo. Wenye kumbukumbu wanajua Simba ya wakati huo ilikuwaje. Ubingwa wa mwisho tulikuwa tumeuona 2012, na tuliusubiri tena mpaka 2018. Miaka ile tulikuwa tunatoka uwanjani tumeinamisha vichwa, na yule kijana alikuwa anatoka na sisi. Akakaa. Yakaja mataji manne mfululizo, zikaja robo fainali za Afrika moja baada ya nyingine, wakapita makocha nisioweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono miwili, na beki wa kushoto alikuwa yuleyule. Bocco alipoondoka, kitambaa cha unahodha kikaenda kwake. Mei 2025 tumecheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na Berkane ya Morocco, na nahodha wa klabu ni yeye. Kwenye uwanja wa Amaan, Zanzibar, Mutale alipotufungia mapema, kuna dakika kadhaa niliamini kombe linabaki. Halikubaki. Hata hivyo timu ile ilistahili kuongezwa nguvu, na kuiongezea nguvu ni kuanza na waliokuwa ndani yake.

Sasa tuseme ukweli kuhusu namna alivyoondoka, maana hapo ndipo hasira yangu ilipo. Hakuuzwa. Mkataba uliisha. Klabu kubwa kama hii imemwacha nahodha wake aingie miezi sita ya mwisho bila karatasi mpya, na kila anayefuata mpira anajua maana yake: tangu Januari mchezaji yuko huru kuzungumza na yeyote na kusaini kokote. Hapo unakuwa umeshaikabidhi nguvu yote ya mazungumzo kwa upande wa pili. Mkataba wa nahodha hauzungumzwi msimu ukiisha. Unazungumzwa ukiwa umebaki mwaka mzima, kimya kimya, kabla jirani hajasikia. Na kama klabu imeamua haimhitaji tena, basi imuuze mapema ipate fedha ya kumtafuta mwingine. Sisi hatukumbakiza, na senti hatukupata.

Ingekuwa mara ya kwanza ningesema ni bahati mbaya. Mwaka 2024 ilikuwa Chama. Chama yule wa bao la kisigino dhidi ya Nkana ya Zambia! Mkataba ukaisha, akavuka barabara akaenda Jangwani, kwa Yanga. Mwaka 2025 Tshabalala, mkataba umeisha, njia ni ileile. Misimu miwili mfululizo mchezaji tuliyempenda kuliko wote anavaa njano na kijani bila Yanga kutulipa ada ya uhamisho. Halafu tunauliza kwa nini wao wamechukua ubingwa mara nne mfululizo.

Na kuna hesabu ambayo sijui kwa nini haisemwi kwa sauti. Ligi yetu inaruhusu kila klabu wachezaji wageni 12. Beki wa kushoto Mtanzania wa kiwango cha Taifa Stars hachukui nafasi hata moja kati ya hizo. Kila mzawa wa kiwango hicho unayempoteza anakusukuma uende kumtafuta mgeni, na nafasi hiyo ungeweza kumpa mshambuliaji au kiungo. Tshabalala alikuwa anatuachia nafasi hiyo kila msimu, miaka 11. Jirani sasa ndiye anayeifaidi.

Najua mtaniambia kasi yake si ile ya 2019. Ni kweli. Amekaribia miaka 29, na Juni 25 Yanga walipotufunga mbili hakuna mchezaji wetu ambaye naweza kusema alicheza vizuri. Najua pia kwamba Mligo kutoka Namungo ni kijana na ni mzawa, na nikimwona akicheza nitampigia makofi kama wengine. Kijana hana kosa lolote. Lakini Mligo alipaswa kuja kukaa msimu mmoja au miwili nyuma ya Tshabalala, aone anavyosimama, aone ni wakati gani anapanda na wakati gani anabaki. Kapombe amerudi kwetu 2017, na tangu hapo yeye kulia, Tshabalala kushoto. Mmoja akipanda, mwenzake anajua abaki bila kuitwa. Winga wetu Kibu akikata ndani alikuwa hana haja ya kugeuka kuangalia kama kuna mtu anapita nje. Mambo hayo hayafundishwi kwenye kambi ya maandalizi ya wiki chache kule Misri. Yanajengwa kwa miaka, na tumeyavunja kwa dirisha moja.

Nina mpwa wangu wa miaka tisa. Jezi yake ina jina la Tshabalala mgongoni, nilimnunulia mwenyewe, aliichagua yeye. Juzi alinijia nayo imekunjwa vizuri, akaniuliza, "Mjomba, hii bado naruhusiwa kuivaa?" Nilimwambia aivae. Akauliza tena, "Na watu wakinicheka?" Mama yake aliingilia kati kwa kumtuma dukani, na nilishukuru, kwa sababu mimi mwenyewe sijui ningemjibu nini. Mtoto huyo hakuzaliwa wakati Tshabalala anakuja Simba. Maisha yake yote beki wa kushoto alikuwa mtu mmoja.

Tshabalala mwenyewe simlaumu, na wanaomtukana mitandaoni naomba waache. Mtu amekupa miaka yake kuanzia ujana, mkataba wake umeisha, ana familia, ametazama mbele. Mliofanya kazi miaka 11 mahali pamoja mnajua. Alichokuwa anadaiwa alishakilipa.

Ninachotaka kutoka kwa viongozi ni kidogo sana. Ahoua ametufungia mabao 16 kwenye ligi msimu wa 2024/25 na amekuwa mfungaji bora. Camara yuko golini. Kapombe yupo, na umri unakwenda. Kaeni na hawa sasa, mwezi huu, kabla ligi ya 2025/26 haijaanza. Anayebaki asaini, tuambiwe. Asiyebaki auzwe kwa fedha inayoonekana. Simba Day, siku ya klabu kutambulisha kikosi kipya, inakuja na tiketi nitakata kama kila mwaka, mbili, yangu na ya mpwa wangu. Atakuja na jezi yake ileile.