Kuchoma DVD Bila Kuitazama

Hata chai sijaitia mdomoni, kompyuta yaniuliza: diski hii tuifunge isiongezwe kitu tena, au tuiache wazi? Hilo ni swali la kumwuliza mtu mzima saa moja ya asubuhi? Tena haingoji jibu kwa adabu. Yatoa kijidirisha, yalia ting, na nikibonyeza popote pasipo hapo yalia ting tena. Mimi ni mtu mwenye heshima zangu. Hapa Mombasa, kutoka Kibokoni mpaka Mwembe Tayari, naamkiwa shikamoo na watoto wa watu. Lakini mbele ya kijidirisha hiki sina cheo.

Yote haya ni kwa sababu laptopu yangu ni ya zamani, bado ina kile kisahani kinachochomoza ubavuni. Za siku hizi hazina. Vijana wa mtaa wana mashine za bei ya ng'ombe wawili, na hakuna hata moja yenye pa kutia CD. Basi mtaa mzima, mtu akioa, mtoto akihitimu madrasa, maulidi yakirekodiwa, sahani ni kwangu. Na wakija hawaji na CD tupu. Waja na salamu.

Safari hii ni Shangazi. Harusi imekwisha, pilau imesahaulika, madeni ndiyo kwanza yaanza kubisha hodi, na yeye ana video ya kupamba ya saa tatu na ushee. Mwaijua wenyewe video ya kupamba, ile sherehe ya bibi harusi ya wanawake watupu. Mpiga picha mwanamke, mlinzi wa mlango mwanamke, simu za wageni zote zilitiwa kwenye beseni zikafunikwa. Flashi haitaki, maana flashi huazimwa Jumatatu na Jumatano iko Dubai. WhatsApp usimtajie, atashika kifua. Ataka DVD: yake, ya mama bwana harusi, ya Lamu na ya Muscat. DVD yaingia kabatini, kabati lapigwa kufuli, ufunguo wafungwa kwenye pindo la kanga, na hapo haingii mtu. Nikamwambia kwa upole kwamba DVD nayo hunakiliwa. Akaniangalia. Nikaenda kutafuta programu.

Windows yenyewe ina chake cha kuchomea, yaani kuandikia diski. Ukitia diski tupu yakuuliza: waitaka utumie kama flashi, au uitie kwenye deki? Ukisema deki, yaimimina ile MP4, faili la video la mpiga picha, vivyo hivyo ilivyo, na deki ya Shangazi, ambayo kila siku huvishwa kitambaa cha kufuma, yaandika NO DISC. Diski imo ndani, yazunguka, naisikia inavyokoroma, na bado yasema hakuna diski! Deki za umri ule zataka folda liitwalo VIDEO_TS, ndani yake mafaili ya aina ya VOB, na picha ziwe za MPEG-2, mtindo wa zamani wa kubana video. Kinyume cha hapo hazikujui. Windows Vista na Windows 7 zilikuja na programu ya kutengeneza hayo yote, Windows DVD Maker. Ilipofika Windows 8 wakaiondoa. Hakuna aliyekuja Mombasa kumwuliza Shangazi ana maoni gani.

Nikapeleka suala kwenye baraza, kwa muuza kahawa. Mmoja akasema programu ya kuchomea ni Nero, hakuna cha kujadili, Nero ndiyo yenyewe, ile ya Wajerumani yenye picha ya lile jumba la michezo la Roma likiwaka moto. Hapo mwalimu wetu mstaafu wa historia akaweka kikombe chini. Akasema Roma iliungua mwaka 64, Kaizari Nero mwenyewe akafa mwaka 68, na jumba lile, Colosseum, lilifunguliwa mwaka 80. Jumba la kuungua lilikuwa wapi? Kuanzia hapo DVD haikutajwa tena. Tuliondoka kahawa imekwisha na kashata zimekwisha, Wakaizari tumewazika mmoja mmoja, na mimi programu sina. Nilichoambulia ni kwamba Nero ni ya kulipia.

Mwengine alinikimbilia njiani kunisifia CDBurnerXP, ni ya bure. Aliyekuwa naye akaikataa kwa sababu ya jina tu, lafanana na la Windows XP ya zamani: "XP? Si walishaizika?" Maskini, yafanya kazi hata kwenye Windows za baadaye, lakini jina lishaiponza. Wa Linux naye, ule mfumo unaoshika nafasi ya Windows, maana kila baraza lina wake, akasema nitumie K3b ya huko kwao, kisha akaanza kunieleza kwa nini nibadilishe kompyuta nzima. Nikamwambia nawahi swala. Na yupo aliyesema kwa nini nijisumbue, nimpelekee kijana wa saiba, pale pa kukodi kompyuta. Kijana wa saiba aione kupamba! Shangazi angetutia sufuria moja sote wawili.

Basi nikapata programu moja ya kutengeneza hilo VIDEO_TS, ya kuuzwa, lakini wenyewe hutoa ya kuonja. Siku ya kazi Shangazi akafika na kigoda chake na kanga mbili za ziada. Akakaa ubavuni kwangu.

"Wee mwana, hizi picha ndogo ndogo n'nini?"

"Ndiyo video yenyewe, Shangazi. Programu yaonyesha kila kipande ili nichague."

"Funga macho."

"Nikifunga macho nitabonyeza wapi?"

Hakujibu. Alitandaza kanga juu ya kompyuta, akaipindia pembeni, akaiwekea kopo la sukari upande huu na kopo la majani upande ule isipeperuke. Mimi nikapewa ruhusa ya kutia mkono mmoja chini yake. Nikawa naipapasa programu gizani. Nikasikia ting. Nikasogeza, ting. Nikafungua kitu ambacho mpaka leo sikijui, kikaanza kupiga taarabu kwa sauti ya juu, vigelegele vikafuata, na majirani wakaanza kuchungulia.

Hapo ndipo Shangazi akamwita mjukuu wake. Ana miaka sita, bado huingia kupamba na mamake bila kuulizwa, na herufi azijua. Akachomekwa chini ya kanga kichwa na mabega, kitako nje. Mimi nikageuzwa niangalie ukuta, kwenye kalenda ya duka la vyombo, nitoe amri kutoka huko. Mtu mwenye heshima zake, nyumbani kwake, anazungumza na sufuria za mwezi wa saba!

"Waona neno linaloanza na N, baadaye E?"

"Nimeliona, mjomba."

"Bonyeza."

"Mjomba, Bibi acheza chakacha!"

"Hukuulizwa hayo!" Shangazi huyo.

"Ni wewe, Bibi, umejifunga leso kiunoni, na..."

"Si mimi! Fuata unachoambiwa na mjombako!"

Nikakazana na sufuria. Mtoto akasema programu yauliza PAL au NTSC, akizisoma herufi moja moja, mpaka nikahisi tunatuma simu ya upepo. Nikasema PAL. Ni mitindo miwili ya picha za televisheni: NTSC ni ya Marekani, mistari 480. Yetu sisi ni PAL, mistari 576, picha 25 kwa sekunde. Shangazi akataka kujua na ya Muscat je, isije ikafika huko ikatoa picha za vichwa chini. Nikamhakikishia Oman nao ni PAL. Akasema alhamdulillahi, kwa sauti ya mtu aliyepona ajali.

Kisha ikaja hesabu. DVD ya kawaida ni GB 4.7, hivyo ndivyo ilivyoandikwa juu. Itie kwenye kompyuta, yasoma 4.38. Nyengine zimekwenda wapi? Ati watengenezaji huhesabu kwa elfu, kompyuta huhesabu kwa 1024, na anayepunjwa ni mimi, mambo yale yale ya ratili ya muuza samaki. Na picha ikitakiwa iwe na sura, humo haziingii saa tatu na ushee. Zaingia mbili hivi, zikizidi nyuso zavurugika.

"Tukate kidogo," nikauambia ukuta.

"Umkate nani?"

"Pale wageni waingia mlangoni, Shangazi. Peke yake ni dakika arubaini."

"Ukimkata hata mmoja, utaenda kumjibu wewe. Dadake mama bwana harusi alitoka Tanga kwa basi, aje akatwe na wewe hapa?"

Ziko diski za tabaka mbili, GB 8.5. Niliziulizia Digo Road, muuzaji akaniuliza kama naumwa. Ikabidi iwe diski mbili kwa kila mtu: ya kwanza wageni wakiingia, ya pili bibi harusi. Shangazi akauliza nani atakayetazama ya kwanza. Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu diski.

Mashine ikaanza kusaga picha ziwe za DVD. Ikasaga adhuhuri, ikasaga alasiri, feni yake yanguruma, na sote twanong'ona utadhani kuna mgonjwa ndani. Magharibi ikamaliza. Mtoto akarudishwa chini ya kanga akague.

"Mjomba, bibi harusi ana maandishi usoni."

"Maandishi gani?"

"T, R, I, A, L."

Kimya. Halafu Shangazi: "Triali ni nani?"

"Shangazi, hilo si..."

"Ni wa kwao? Hatukumwalika sisi. Kwa nini aandikwe kwenye uso wa mtoto wetu?"

Sasa mueleze mtu kwamba wenye programu ya kuonja hupiga muhuri wao juu ya video mpaka ulipe. Nilieleza. Akaniuliza dola ngapi, nikamtajia, akasema kwa pesa hizo angeiangusha harusi nyengine. Tukafuta yote, tukatafuta ya bure isiyo na muhuri, tukaanza upya: kanga, makopo, kitako, kalenda. Programu ya pili ikataka tuchague picha ya ukurasa wa mbele. Mtoto akasema ziko nyingi, nikamwambia chagua nzuri. Mtoto wa miaka sita, nami nimeelekea ukutani. Basi.

Kuchoma kwenyewe ndiko kulikoniokoa. Yule mtu mwengine aliyeniambia ImgBurn, programu ya kuandika diski tu, alisema kweli. Ni ya bure, ndogo, haijaguswa tangu 2013 na wala hailalamiki. Umeshakuwa na VIDEO_TS yako, waipa, yaandika. Haionyeshi picha ya mtu hata mmoja: maandishi matupu, namba, na mstari unaotembea. Shangazi aliinua pindo la kanga, akaitazama kwa muda, akasema, "Hii ina haya." Akaivua kanga kabisa, nikaruhusiwa kugeuka. Nikaiambia iende polepole, 4x, yaani mara nne ya mwendo wa kawaida wa DVD, robo saa hivi kwa diski, hata kama juu ya diski wameandika 16x, na mwisho iisome tena kuhakikisha. Ilipomaliza ikapiga kimuziki cha ushindi, nikasimama nikakipokea kwa niaba ya mtaa.

Walipoitia kwenye deki mimi nilikuwa nje barazani, ndani haramu. Nikasikia mahamri yakipitishwa. Nikasikia kimya. Halafu kicheko kimoja, halafu nyumba nzima, halafu sauti ya Shangazi ikipita vichwa vyote: "Wee mwana! Mbona wametutia uwanja wa mpira?"

Mtoto alichagua mpira. Picha ya mbele ya kupamba ni goli, majani mabichi, na juu yake jina la bibi harusi. Ati nibadilishe. Nimekataa. Kubadilisha ni kusaga upya tangu adhuhuri, na stima nayo, nisiseme. Betri ya laptopu yangu imekuwa pambo tu. Za Lamu zimeondoka na goli lake. Ya Muscat ndiyo hii nachoma asubuhi hii, na ndiyo, funga diski, ifunge, ukiiacha wazi deki nyingi haziisomi, kwani mpaka niape?

Zilizoharibika, na si chache, maana stima haikuagi, mke wangu amezitundika uani kwa uzi. Ati zikimetameta zitafukuza kunguru. Kunguru wa Mombasa! Hawa mababu zao waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wale taka, wakavuka bahari kwa hiari yao, na leo nikutishe wewe kwa CD? Siku ya kwanza walikaa mbali wakizitazama. Siku ya pili mmoja akaja akajiangalia humo, akajitengeneza manyoya, upande huu, upande ule. Sasa waja asubuhi na mapema, wapanga foleni. Na wakishajiona wapendeza wateremka karoni, wachukua sabuni. Si mkate, si samaki: sabuni. Kipande kizima cha kufulia, nilikinunua juzi. Nimempigia kelele mmoja wao akanitazama kutoka juu ya ukuta, sabuni mdomoni, bila haraka yoyote, na jirani naye anachungulia kuuliza kama yule kunguru ni wangu.