Muhammad Ali: hatua aliyoikataa Houston, safari iliyomkwamia Dar es Salaam

Wapo wanaomweka Muhammad Ali safu ya mbele ya wapigania haki za watu weusi wa Marekani. Wapo pia wanaosema alikuwa bondia mwenye maneno mengi, asiyefanya ile kazi ngumu ya kuandaa migomo na kuandikisha wapiga kura. Pande zote mbili zina mashiko. Lakini mtu hupimwa kwa alichokubali kupoteza, na hapo tarehe zinasema mengi.

Tarehe 28 Aprili 1967, wakati wa Vita vya Vietnam, katika kituo cha kuandikisha askari mjini Houston, liliitwa jina la Cassius Clay, jina la kuzaliwa la Ali. Aliyeitwa alitakiwa kupiga hatua moja mbele. Hatua hiyo ndiyo iliyomtoa mtu katika maisha ya kiraia na kumwingiza jeshini. Ali, aliyeomba kusamehewa jeshi kwa sababu ya imani yake, hakusogea. Akawekwa pembeni, akaelezwa adhabu yake: hadi miaka 5 jela na faini ya hadi dola 10,000. Akarudishwa, akaitwa tena, akasimama pale pale. Siku hiyo hiyo, kabla ya kesi yoyote, kamisheni ya ngumi ya jimbo la New York ilimsimamishia leseni na WBA, chama cha ngumi cha dunia, ikamvua ubingwa. Juni 20 wazee wa baraza walimtia hatiani baada ya dakika 21 tu, na jaji akampa adhabu ya juu kabisa. Alibaki nje kwa dhamana, lakini hana leseni nyumbani wala pasipoti ya kwenda kupigana ugenini. Miaka mitatu na nusu ikapita hivyo, tangu akiwa na miaka 25, umri ambao miguu ya bondia wa uzito wa juu bado ni myepesi. Miguu ile haikurudi.

Hoja kwamba aliogopa risasi ni dhaifu. Joe Louis, bingwa wa zamani, alitumikia jeshi katika Vita Kuu ya Pili akipigana mapambano ya maonyesho mbele ya askari. Ali angeweza kutarajia kazi ya namna hiyo, na mkanda wake ungebaki kiunoni.

Wafuasi wake nao hukosea wanapodai kwamba Mahakama ya Juu ilibariki msimamo wake kuhusu Vietnam. Uamuzi wa 28 Juni 1971, majaji 8 kwa 0, ulisimama juu ya utaratibu. Anayeomba kusamehewa jeshi kwa sababu ya imani alipimwa kwa mambo matatu: anapinga vita vya kila aina, msingi wake ni dini, na anasema kwa dhati. Wizara ya Sheria iliiambia bodi ya rufaa ya uandikishaji jeshi kwamba Ali ameanguka yote matatu. Mbele ya majaji, serikali ikakiri kuwa dini na dhati havikuwa na tatizo. Kwa kuwa bodi haikuandika sababu, haikujulikana iliegemea lipi, na hukumu ikafutwa. Kwa maoni yangu, ushindi mkubwa zaidi kwa haki za raia ulikuja Septemba 1970, pale jaji mmoja wa New York alipoonyesha kwamba kamisheni ile ile ilikuwa imewapa leseni watu zaidi ya 200 wenye hatia za makosa mbalimbali, ila ikamnyima Ali peke yake.

Doa lipo, tena si dogo. Taifa la Uislamu, kundi la Waislamu weusi wa Marekani alilojiunga nalo, lilihubiri kujitenga, wakati Martin Luther King na wenzake walikuwa wakivunja ubaguzi ili watu waishi pamoja. Mwaka 1964 alimpa kisogo Malcolm X, rafiki yake aliyekuwa amejitoa katika kundi hilo, walipokutana Accra. Joe Frazier, bondia mweusi mwenzake, alimsaidia wakati wa kufungiwa. Malipo yake yakawa kuitwa kibaraka wa wazungu, na kabla ya pambano la Manila mwaka 1975, sokwe. Mtu mweusi kumwita mweusi mwenzake sokwe mbele ya kamera ni kumkabidhi mbaguzi fimbo.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kipimo chetu. Februari 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma Ali kuishawishi Afrika isusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu Wasovieti waliivamia Afghanistan. Alianzia Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere hakumpokea. Waandishi wa habari wakamuuliza: mwaka 1976 Afrika iliondoka Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza kwa makaburu, mbona Marekani haikutuunga mkono? Ali akakiri kwamba hakuwa na habari hizo. Swali hilo lilikuwa na jina la mtu ndani yake: Filbert Bayi, mkimbiaji wa Tanzania aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500 tangu 1974, alikosa Montreal kwa msimamo huo. Houston, Ali alikuwa amejibebea dhamiri yake mwenyewe. Dar alibebeshwa ujumbe wa serikali ambao hakuupekua. Kenya ilisusia Moscow. Tanzania ilikwenda, na Bayi akarudi na fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui na fedha ya mita 5000.