Usiniulize gitaa lina kilo ngapi

Mteja anayetaka kuchongewa gitaa la umeme hapa Mwanza ana swali lake la kwanza: litakuwa na kilo ngapi? "Nataka jepesi, fundi, ibada yetu ni ndefu." Namwelewa. Mpiga solo wa kwaya kule Igoma au Nyegezi anasimama tangu sifa zinaanza mpaka matangazo yanaisha, na bega ni lake. Ila kwa maoni yangu swali hilo halina msaada. Gitaa la kilo 3.6 lililotulia mkandani halichoshi kama la kilo 2.7 ambalo ukiliachia tu, kichwa chake kinaelekea sakafuni.

Mtazame mpigaji mwenye gitaa la namna hiyo. Mkono wa kushoto, ambao kazi yake ni kutembea juu ya freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, umegeuzwa nguzo. Anaibana shingo kwa kidole gumba, kiwiko kinakaza, na akitaka kuhama kutoka freti ya 3 kwenda ya 12 gitaa zima linahama naye. Waumini wanadhani kijana hafanyi mazoezi.

Chanzo chake hakina siri. Mkanda unashika sehemu mbili: kifungo cha mkiani na kifungo cha mbele. Kitovu cha uzito kikiangukia kati ya vifungo hivyo, gitaa linakaa. Kikisogea mpaka usawa wa kifungo cha mbele, au kikakipita, shingo inashuka. Kwa hiyo jambo la kuamua mapema, kabla hata ya kwenda kuchagua mbao, ni mahali pa kifungo cha mbele. Ile pembe ndefu ya juu ya Fender Stratocaster ya mwaka 1954 wengi wanaichukulia kama urembo, kumbe ncha yake inakipeleka kifungo karibu na usawa wa freti ya 12. Gibson SG iliyotoka 1961 ilikuja na bodi nyembamba, na kifungo chake kikawekwa nyuma, pale shingo inapoungana na bodi. Ndiyo maana mpaka leo inasifika kwa sauti na kulaumiwa kwa kuinama. Les Paul ya 1952, ya Gibson pia, nayo kifungo chake hakiko mbele sana, ila bodi yake nene inavuta upande wa pili. Bega ndilo linalolipa.

Sasa hesabu kidogo, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi tunapopita haraka. Kwa kipimo cha Fender, urefu wa uzi kutoka kwenye kimfupa cha shingoni, karibu na kichwa, mpaka kwenye briji, pale nyuzi zinapokaa juu ya bodi, ni milimita 648, na freti ya 12 iko katikati kabisa. Kama kifungo kiko usawa huo, briji iko nyuma yake kwa sentimita 32 hivi. Funguo za kukazia nyuzi ziko mbele yake kwa kama sentimita 42. Anayebeba maji kwa mzega anajua kwamba ndoo iliyo mbali zaidi na bega inalemea hata kama haijajaa. Gramu 100 zilizoko kichwani zinadai gramu 130 kwenye briji ili mambo yawe sawa.

Ndiyo maana naanzia kwenye funguo. Seti ya sita, zile nzito zilizofunikwa pande zote, inafika robo kilo. Zile za mtindo wa zamani zenye kifuniko cha bati ni nyepesi, na ukiokoa gramu 80 pale umejiepusha na gramu 100 na ushee za kuongeza nyuma.

Halafu kuna mpingo. Kila mtu anataka ubao wa freti wa mpingo, na sibishi: ni mti wetu, unang'aa, unavumilia vidole. Lakini ni mzito kiasi cha kuzama majini. Ubao wa freti 22 wenye unene wa milimita 6 ukiuchonga kwa mpingo unakaribia gramu 170. Kwa mninga ni kama gramu 90, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele ya kifungo. Weka mpingo juu ya shingo, funguo nzito kichwani, halafu bodi ya msonobari wa Rubya kule Ukerewe kwa sababu mteja kataka jepesi. Umeshalipata gitaa la kuinama kabla hujashika msasa.

Kuna wanaotibu kwa kuchimba shimo mkiani na kujaza risasi za kuzamishia nyavu, zile za maduka ya uvuvi Kirumba. Inafanya kazi, siwezi kukataa. Siipendi tu. Unamwongezea mteja uzito ili kuficha mchoro mbaya, na anaulipia.

Bora ujaribu kabla ya kukata mbao ya maana. Kata umbo kwenye plaiwudi, funga shingo yenye funguo zake, kisha tumia vifuko vya mchanga uliopimwa kwenye mizani ya jikoni badala ya briji na pikapu (vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi), na kimoja cha kufidia uzito wa mbao yenyewe. Litundike kwa uzi kwenye kifungo cha mbele peke yake. Bodi ikishuka na kichwa kikapanda, endelea. Likilala sawasawa, usifurahi bado, maana kofi moja la shingo litaliangusha. Kichwa kikishuka, rudi kwenye penseli.

Mkanda nao una neno. Wa nailoni unateleza begani. Wa ngozi ya ng'ombe wenye upande wa manyoyamanyoya kwa ndani unang'ang'ania shati, na Usukumani ngozi haijawa shida. Ila mkanda ni wa kusaidia gitaa lililokaribia kutulia, hauliokoi lililochongwa vibaya.

Kwa gitaa la besi nina msimamo mkali zaidi. Urefu wa uzi ni milimita 864, funguo ni kubwa, shingo nene. Fender alipotoa besi yake ya Precision mwaka 1951 aliipa pembe ndefu, na sioni sababu ya kushindana naye. Akija kijana anataka besi ya umbo la V, bodi nyembamba, funguo nzito na ubao wa mpingo, namchorea vizuri, namwonyesha itakavyoning'inia, na akisisitiza namwelekeza kwa fundi mwingine.